Hypo na hyper: sukari imeshuka au imepanda?

Mimi ni mfamasia, na kama kuna maneno mawili ya Kiingereza natamani kila anayeishi na mgonjwa wa sukari ayajue vizuri basi ni "hypoglycemia" na "hyperglycemia". Mtu akiyatamka harakaharaka, hasa kwenye simu, unasikia kama neno moja tu, kumbe la kwanza ni sukari kushuka, la pili ni sukari kupanda, na kinachomponya huyu kinaweza kumuua yule.

Asili ni Kigiriki: hypo ni chini, hyper ni juu, basi. Ukishika hapo na presha umeshaielewa, "hypotension" ya kushuka, "hypertension" ya kupanda.

Ila kwenye sukari ndiko kwenye hatari zaidi. Hypo ni kipimo kikisoma chini ya 3.9 kwa mashine zinazosoma mmol/L (au 70 kwa zinazosoma mg/dL), na inakuja ghafla, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, njaa kali, mara anaanza kuongea vitu havieleweki mpaka watu wanadhani kalewa. Huyo anataka sukari sasa hivi, kama gramu 15, yaani vijiko vya chai vitatu vinne kwenye maji, unasubiri dakika 15 unapima tena, ikiwa bado iko chini unarudia. Akishazimia usimwekee kitu mdomoni jamani, atapaliwa, mkimbize hospitali.

Hyper yenyewe mara nyingi inajivuta siku kadhaa: kiu haiishi, kukojoa kila saa, uchovu, macho kuona ukungu. Hapa ndipo insulini, sindano ya kushusha sukari, inapoingia, kwa maelekezo ya daktari. Sasa chukulia umesikia hyper kumbe kasema hypo, ukamchoma insulini mtu aliye kwenye 2.8! Sukari inazidi kuporomoka, ubongo unakosa chakula chake, anapata degedege, anaweza asiamke tena.

Ndiyo maana nikiongea na nesi au ndugu wa mgonjwa siliachi hilo neno peke yake, nasema "imeshuka, iko 2.8". Na wewe ukiambiwa neno lolote kati ya hayo uliza hapohapo, imepanda au imeshuka, na mashine imesoma ngapi? Kama mashine hakuna na dalili ni za kushuka, na bado ana fahamu na anameza vizuri, mpe sukari kwanza, maana gramu 15 kwa ambaye kumbe ilikuwa imepanda haziongezi tatizo kubwa, ila aliyeshuka hana muda wa kusubiri.