Huduma za mapema kwa familia si za walioshindwa tu

Wengi huamini kwamba huduma za mapema kwa familia, kama mhudumu kumtembelea mama aliyejifungua au vikundi vya wazazi mtaani, ni za walioshindwa kulea, na kwamba fedha za umma zisubiri hadi tatizo litokee. Imani hiyo inaeleweka: tatizo lililozuiwa halionekani kwa macho.

Lakini mtoto hasubiri. Katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi atimize miaka 2, ubongo wake hukua kwa kasi kubwa mno. Ni kipindi hichohicho mzazi hukosa usingizi, na sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kujifungua humpata tajiri na maskini. Mzazi aliyemzoea mhudumu humweleza shida yake mapema, asiyemjua hunyamaza. Huduma iliyo wazi kwa wote hupunguza aibu, na kwangu hilo lina uzito kuliko hesabu zote za fedha.

Hata hivyo, si kila mradi huleta matunda. Ukiambiwa kwamba huduma fulani huokoa fedha maradufu, uliza: familia zilizohudumiwa zililinganishwa na zipi? Zilifuatiliwa kwa miaka mingapi? Kisha soma bajeti ya eneo lako, ulinganishe fungu la kinga, yaani la huduma hizi za mapema, na fungu la kuwatunza watoto walioondolewa nyumbani kwa usalama wao. Usiitafute akiba kwenye ukurasa mmoja tu: huchelewa, na mara nyingi hujitokeza katika idara nyingine kabisa, kama elimu au afya.