Oili Ile Si ya Kulainisha

Wiki hii tena. Gari la Datsun 240Z, kabureta mbili za Hitachi (ndizo huchanganya hewa na petroli), na mwenyewe kaja kifua mbele: "Fundi, nimejaza oili ya giaboksi kule juu ya kabureta, pistoni zake hazitalika tena." Kisha akanipa hadithi ya dereva Edgar Herrmann na Safari Rally ya 1971. Sawa, mzee wangu, 240Z ilishinda. Ila si kwa oili hiyo.

Nasema kwa mara ya mwisho (uongo, nitasema tena): oili ile si ya kulainisha. Inakaa kwenye mrija ulio ndani ya pistoni ya kabureta (si ya injini), kazi yake kuizuia isiruke juu ghafla unapokanyaga mafuta. Pistoni ikichelewa kidogo, hewa inapita kwa kasi juu ya jeti, yaani tundu la petroli, inafyonza petroli zaidi, gari linaondoka bila kukohoa. Kabureta nyingine zina pampu ya kazi hiyo, hizi hazina. Inua pistoni kwa kidole, utasikia uzito. Iachie: klak, imeshuka. Kilainishi gani hicho cha kupanda tu?

Ukiweka oili nzito, pistoni inapanda kwa kujikokota. Moshi mweusi, plagi masizi. Nawe unadhani petroli imezidi, unapandisha jeti ili kuipunguza, sasa hata sailensa inatetemeka. Kosa moja limezaa la pili.

Pistoni kwa nje, na kofia yake kwa ndani, ziwe kavu. Kavu! Petroli na kitambaa, basi. Mwenye msasa abaki nje ya gereji. Kila pistoni ina kofia yake, kwa hiyo usichanganye za mbele na za nyuma.

Gaskiti, boya na vali yake: badilisha, songa mbele. Shafti ya kipepeo (kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta) ikicheza, kabureta inavuta hewa ya wizi na gaskiti mpya hazitakuokoa. Nati ya jeti, ile ya kurekebisha petroli, anzia mizunguko miwili na nusu kushuka, halafu sikiliza injini. Gari lililosetiwa Mombasa, Nairobi litazidisha petroli; hewa ya huku ni nyepesi.

Oili gani basi? Hapo nayumba. Natumia oili ya injini ya uzito wa SAE 20. Niliwahi kujaribu ATF, oili nyepesi ya giaboksi za otomatiki: asubuhi ya baridi gari lilikuwa tamu, mchana wa jua likakohoa. Nimebadili mawazo mara tatu, huenda nikabadili tena.

Mzee nimemrudishia chupa yake. Imeandikwa kabisa: giaboksi.