Alama 95, na sukuma haikatiki

Wagonjwa wangu wengi hapa Nairobi huniita daktari wa mazoezi. Nilishaacha kubishana. Kazi yangu ni tiba shughuli: kumsaidia mtu arudie mambo anayohitaji kufanya kila siku.

Mmoja wao, nitamwita Mama Shiro, alikuwa akiuza mboga Kayole kabla ya kiharusi kudhoofisha mkono wake wa kushoto. Nilimpima kwa kipimo cha Barthel, cha shughuli za msingi za kila siku, kilichochapishwa 1965, akapata 95 kwa 100. Anaoga, anavaa, anapanda ngazi. Ukisoma faili yake utadhani amepona. Zile tano alizokosa zilikuwa za kula, kwa kuwa nyama lazima akatiwe. Basi kipimo kilikiona kisu cha mezani, lakini cha kibandani hakikuwa na pa kukiuliza. Na mteja wa Kayole jioni hanunui sukuma nzima. Anataka iliyokatwa nyembamba, akifika nyumbani ni sufuriani moja kwa moja.

Ndiyo maana hutumia pia COPM (Canadian Occupational Performance Measure), kipimo kilichotoka Kanada 1991. Hakina orodha ya maswali ya ndiyo na hapana. Ni mazungumzo: shughuli zipi zinakushinda, za kujitunza, za kazi na za kujiburudisha? Kila moja ina uzito gani kwako, kuanzia 1 hadi 10? Kisha mnachagua zisizozidi tano, naye anaipa kila moja alama mbili: anavyoifanya sasa, na anavyoridhika na hali hiyo.

Kwenye karatasi ni rahisi. Chumbani kwangu, kijana wake alijibu kabla yake: "Anataka tu kutembea vizuri." Mama alikuwa ameingia kwa miguu yake! Nikamwomba kijana atupishe kidogo. Nilipouliza alama, kila kitu kilikuwa "nane, daktari", ile nane ya heshima, ya kutomuudhi mwenye koti jeupe. Siku hizi huweka vizibo kumi vya soda mezani na kusema: "Mama, nisogezee vya kukata sukuma." Alisogeza viwili. Vya kuridhika, kimoja.

Tulichagua mambo matatu: kukata sukuma, kumsuka mjukuu, kupanda matatu. Wastani wa utendaji ukawa 3, wa kuridhika 2. Tulitengeneza ubao wenye misumari miwili inayoshika fungu la mboga, na mjukuu akafundishwa kulifunga. Baada ya wiki nane utendaji ulikuwa 5, kuridhika 6. Kwa kawaida badiliko la alama 2 au zaidi huhesabiwa kuwa la maana.

Angalia hizo namba mbili tena. Mkono haukubadilika sana, na bado anakata polepole kuliko jirani yake. Ila sasa anakata mwenyewe, kibandani pake. Ningefuata nguvu za vidole pekee ningeandika "maendeleo kidogo". Ila nisingethubutu kulinganisha 6 yake na 6 ya mgonjwa mwingine, maana kila mmoja amejipimia kwa maisha yake.

Kupanda matatu bado ni alama 4. Anasema makanga hawangoji mtu ashike chuma. Mazoezi ya hilo tutayafanyia stejini, saa nne asubuhi, msongamano ukiwa umepungua.