Pazi yumo kinani

Nikiwa na miadi mjini huwa nasema tukutane Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora, na kwa kawaida mimi ndiye ninayewahi kufika. Kwa hiyo maandishi ya pale nimeyasoma hadi nimeyachoka. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914–1918, na inaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Izunguke yote. Hakuna jina hata moja.

Mpagazi mmoja namjua. Alikuwa kaka wa bibi yake mama yangu, mtu wa Kisarawe. Hana kaburi wala picha. Ana ubeti mmoja tu, ambao mama alifunzwa utotoni, naye akanifunza huku anapeta mchele:

Wakataka wapagazi,
Vijana wenye pumzi,
Wakamtwaa na Pazi,
Hakurudi hata leo.

Vijana ninaowafundisha kutunga wakiuhesabu, kipande cha pili na cha tatu huwapa mizani saba, yaani silabi saba badala ya nane, kwa sababu wanazimeza zile m. Katika pumzi, m inasimama peke yake: pu-m-zi. Vivyo hivyo wa-ka-m-twa-a. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliziandika sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954. Mama hakukisoma kitabu hicho. Aligonga ukingo wa ungo kwa kidole, mara nane, akapumua, akaanza tena.

Watu hudhani vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, ni pambo. Mimi naviona misumari. Ubeti huu umeshabadilika mdomoni mwa ukoo: mama mdogo husema "walitaka", binamu yangu husema "vijana wenye ujuzi", na kila mmoja anaapa kwamba ndivyo alivyofunzwa. Jina Pazi halijaguswa na mtu. Liko kinani, ukimweka Juma hapo, ubeti unakataa. Lingekuwa katikati ya kipande, nadhani leo tungekuwa tunabishana alikuwa nani.

Lakini kina kinaweza pia kukudanganya. Mama alifariki wakati wa masika, miaka mitatu iliyopita. Kwenye kundi letu la malenga la WhatsApp wenzangu walisubiri tanzia, shairi la maombolezo, usiku uleule, na nilikuwa nayo tayari: simanzi, machozi, mapenzi, mlezi, Mwenyezi. Mizani kamili, vina safi. Nikaisoma nikaona ingemfaa mama wa mtu yeyote. Ile -zi iliyomshika Pazi ndiyo iliyonipa upenyo wa kutomtazama mama. Nikaifuta, na wengine wakaninunia.

Wiki zile nilirudi kwenye Inkishafi, utenzi wa kale. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anapoyaombolezea majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, anaingia hadi ndani: madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Kwangu mimi daka lile moja linauma kuliko maneno yote ya huzuni niliyoyapanga usiku ule.

Basi sasa naandika ungo. Kina cha -ngo hakina maneno mengi ya kunifaa, na udongo unajipendekeza kila nikikaa mezani, naukataa. Vipande viwili nimevipata, kimoja cha ungo, kimoja cha mgongo wake akiwa ameinama uani, jua la saa nne limempiga begani. Cha tatu kimegoma kwenye mizani saba. Nimekichomekea "na", nikakichomekea "tu", vyote viraka. Mama angegonga ukingo mara saba, akakiacha kidole hewani, akanitazama.