Mikopo ya sacco: ya kanuni yaachiwe kanuni, ya modeli yaachiwe modeli

Sacco inayotaka kompyuta isaidie kupima maombi ya mikopo isianze na data. Ianze kwa kumkalisha ofisa mikopo mzoefu na mtaalamu wa data meza moja, waandike kila kigezo kinachopitisha au kukwamisha ombi, kisha waamue kila kigezo kikae wapi: kwenye kanuni zilizoandikwa, au kwenye modeli, yaani programu inayojifunza kubashiri kutokana na mafaili ya mikopo ya zamani.

Vigezo vya sheria havifundishwi modeli. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Anayelipwa shilingi 60,000 mwisho wake ni makato ya 40,000. Kama tayari anakatwa 34,000, rejesho jipya halipiti 6,000. Hiyo ni hesabu, si ubashiri. Iandikwe kama programu ya kawaida na itangulie modeli, ili ombi linalokwama lirudi na sababu yake. Modeli ikiachiwa ijifunze kanuni hii kwenye mafaili ya zamani, itajifunza pia zile siku mkopo ulipopitishwa kwa kujuana.

Uzoefu wa ofisa ni jambo jingine. Huo unageuzwa kuwa safu za data, yaani taarifa ambazo modeli huzisoma kwa kila mwombaji. Mkulima wa kahawa hulipwa baada ya mauzo, hivyo akaunti yake inaweza kukaa kimya miezi kadhaa. Modeli inayohesabu siku tangu amana ya mwisho itamwona kafilisika. Ongeza safu mbili: chanzo cha kipato, na amana za msimu huu zikilinganishwa na za msimu kama huo mwaka uliopita.

Kosa linalowanasa wengi ni jibu kuvujia kwenye swali. Safu ya "simu za kukumbusha deni" hubashiri vizuri ajabu, kwa sababu hujazwa mkopo ukishaanza kusumbua. Siku ya kuomba, mkopo huo haujapigiwa simu hata moja. Anayejua kila safu hujazwa lini ni ofisa, si mtaalamu wa data. Tena mafaili yana marejesho ya waliokopeshwa tu. Kwa aina ya watu waliokuwa wakikataliwa, alama za modeli ni za kubahatisha.

Kwanza modeli itoe alama bila kuamua, ofisa aendelee na kazi yake. Wakitofautiana, ofisa aandike sababu papo hapo. Kama mkopo mbovu kwenu ni uliochelewa zaidi ya siku 90, majaribio ya mwezi mmoja hayapimi kitu: hakuna mkopo wa majaribio utakaokuwa umefika huko.