Umejikubali, sawa. Presha umepima lini?

"Daktari, mimi nimejikubali. Kwetu wote mabonge, na siumwi kitu." Wiki hii nimeshaisikia mara nne hapa kliniki, Temeke.

Kujikubali nakuunga mkono kabisa. Mgonjwa akisemwa unene wake mbele ya foleni harudi tena, na wengi tumewapoteza kwa midomo yetu wenyewe. Kinachonichosha ni hilo "siumwi kitu". Presha haiumi! Dada mmoja alimsindikiza mama yake, yuko ndani ya dera, anacheka na manesi. Nikampima kwa vile kiti kilikuwa wazi: 178 kwa 110. Akapumzika dakika tano, nikarudia, ni ileile. Kichwa hakijawahi kumuuma. Ikijirudia siku tofauti kuanzia 140 kwa 90, hiyo ni presha, nayo hula moyo na figo kimya kimya, miaka na miaka. Sukari ni vivyo hivyo. Mafuta yakijaa tumboni, kwenye ini na kongosho, insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi sawasawa. Kongosho linatoa nyingi zaidi mpaka linachoka, na mwenyewe bado anajiona mzima.

Kwa hiyo nikuambie ninachomwambia kila mtu: azima futi kamba ya fundi cherehani. Toa pumzi, pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akizidi sentimita 88, mwanamume 102, hatari imepanda sana. Hata kile kitambi mnachosema maisha yamemkubali.

"Nikikonda watasema nina ngoma." Nani kakwambia ukonde? Mwenye kilo 100 akishusha 5 hadi 10 tu, presha na sukari huanza kushuka, na dera lake bado linamkaa. Anza na soda: chupa moja ina sukari vijiko vinane hivi vya chai.

Limao na maji ya moto hayayeyushi mafuta. Mkanda wa tumbo unakutoa jasho, na jasho ni maji, ukinywa yanarudi. Wembamba nao wanaugua sukari, wapime.

Ukienda kupima presha na mkono wako ni mnene, dai mkanda mpana wa mashine. Mdogo unazidisha namba, utaanzishiwa vidonge bure.