Kutu haina kosa

Kuanzia Mufindi hadi Mbeya utasikia kwamba kitu kisicho na kutu hakileti pepopunda. Si kweli. Bakteria wake hukaa kwenye udongo na samadi, na hustawi pasipo hewa, yaani ndani ya tundu jembamba lenye kina. Kijiti cha mwanzi kikimchoma mgema wa ulanzi (pombe ya mwanzi) kwenye uume au mfuko wa korodani, hatari ni ileile, hata damu isipotoka.

Kama hakuna kilichonasa, bana kwa kitambaa safi dakika 10 hadi 15, kisha osha kwa maji safi yanayotiririka. Kilichozama usikichomoe, huenda ndicho kinachozuia damu. Mafuta ya taa na majivu, hapana. Mkojo ukigoma au ukiwa na damu, au mfuko ukivimba, hospitali saa hiyohiyo.

Kwa jeraha chafu kama hili, chanjo ya pepopunda hurudiwa ikiwa imepita miaka 5 tangu dozi ya mwisho. Asiyefikisha dozi 3 huongezewa imunoglobulini, yaani sindano ya kingamwili zilizo tayari.

Kwenye jalada la mgonjwa, ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha) hutumia S31.2 kwa jeraha la uume, S31.3 kwa korodani na mfuko wake. Majeruhi wengine huona haya wakasema “paja”, na mrija wa mkojo haukaguliwi.